Uzoefu wangu: kuchangia shirika linalotoa watoto wadogo nje pamoja na wazazi wao

Kuna watu wananiuliza kama inafaa kutoa hela kila mwezi kwa haya mashirika yanayokutanisha watoto wadogo na miti, udongo, wadudu na kadhalika, basi naandika kama mtu aliyekaa pande zote mbili, nachangia na mwanangu pia nampeleka kwenye vipindi vyao. Jina la shirika silitaji maana sijaja kulipigia debe, na malalamiko ninayo pia.

Kilichonisukuma ni ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anatakiwa achangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku, na aliye chini ya miaka 2 skrini asiwekewe kabisa. Hausemi lazima iwe nje, ila jaribu wewe kumchezesha mtoto wa miaka miwili masaa matatu sebuleni halafu uniambie vyombo vimebaki vingapi.

Sasa vipindi vyenyewe. Mwezeshaji anafika mapema anakagua eneo lote, matawi makavu yanayoning'inia, vichupa vilivyovunjika, nyuki, maji yamejaa wapi, halafu anafunga vitambaa vya rangi kwenye miti kuonyesha mpaka, mtoto akifika kwenye kitambaa anajua ndo mwisho. Vitu vya kuchezea havipo, labda vioo vya kukuzia, ndoo na kamba basi. Wazazi simu zinaingia kwenye begi, na hapo ndo nilipowapenda kwa sababu hawakutuweka pembeni tukae kama tunasubiri foleni, wanataka mzazi achuchumae na mtoto wake. Na ukichuchumaa unagundua kwamba wewe unataka KUFIKA mahali na mtoto hana habari na kufika, anaweza kukaa kwenye dimbwi moja mpaka kipindi kiishe, anatia jiwe, anatoa jiwe, anatia tena, mwezeshaji wala hamharakishi. Siku ya kwanza nilikuwa naangalia saa kila saa, nawaza hii ndo ninayoilipia kweli? Ndo yenyewe, yani.

Mama mkwe hakufurahia yale matope, alisema mtoto ataumwa. Nikamwambia kuna utafiti wa Finland uliotoka 2020, walichukua watoto 75 wa miaka 3 hadi 5 walio kwenye vituo vya kulelea watoto, baadhi ya vituo wakatandika uani udongo na mimea ya msituni, na baada ya siku 28 tu bakteria wa kwenye ngozi na tumboni wa wale watoto walikuwa wamebadilika, na kwenye damu kulikuwa na dalili kwamba kinga ya mwili inajidhibiti vizuri zaidi. Haimaanishi hawaumwi tena, tusije tukatia chumvi hapa, na utafiti wenyewe ulikuwa mdogo. Mama mkwe hakukubali moja kwa moja ila sasa ndo anayemvalisha mabuti.

Kwenye hela. Hapa nawaomba msome taratibu maana ndo watu wengi wanapokwama. Wafadhili wanapenda kununua kitu kinachoonekana kwenye picha, mahema, vifaa, fulana zenye nembo. Kinachofanya kipindi kifanyike kila wiki ni mshahara wa mwezeshaji, mafunzo yake ya huduma ya kwanza, bima, na nauli za familia ambazo hazina usafiri, na hivyo vyote havipigiki picha nzuri. Kwa hiyo mchango mdogo wa kila mwezi usio na masharti unawasaidia kuliko hela nyingi ya mara moja inayokuja na maagizo, kwa sababu huwezi kumwajiri mtu kwa hela ambayo hujui kama mwezi ujao itakuja. Mimi nilimuuliza mhasibu wao moja kwa moja hela inakwenda wapi akanipa hesabu bila kuzunguka. Ukiuliza ukajibiwa kwa picha za watoto wanacheka, toka nduki.

Nilishawahi kuchangia kikundi kingine kabla ya hiki. Kazi yao ilikuwa siku moja kwa mwaka ya kupanda miti, bango kubwa, wageni wa heshima, watoto wadogo wamesimamishwa juani wanasikiliza hotuba ambazo hata mimi sikuzielewa, halafu kila mmoja anashikishwa mche apigwe picha. Nani aliimwagilia ile miti baadaye sijui. Niliacha kimyakimya.

Swali jingine uliza kabla hujatoa hata senti, watu wazima wanaokaa na watoto wamechunguzwaje, na picha za watoto zinatumikaje. Hawa wangu upande wa kuchunguza wako makini sana, fomu zinachosha mpaka unataka kulia lakini sawa. Kwenye picha nilibishana nao, mwanangu alitokea kwenye ripoti ya wafadhili bila mimi kuulizwa, wakaiondoa na sasa wanauliza kwanza. Na mawasiliano yao ni majanga, kipindi kinaahirishwa kwa mvua ujumbe unaingia ukiwa umeshafika, na mvua yenyewe kumbe manyunyu tu.

Ila kipimo changu kikubwa ni kimoja, wanafanya vipindi karibu na watu wanapoishi, kwenye vichaka vya kawaida na viwanja vyenye miti, hawawabebi watu kwenda hifadhi ya mbali ambayo hutarudi tena. Matokeo yake familia kadhaa tuliokutana pale tunajitokea wenyewe hata siku ambazo hakuna kipindi, hatuhitaji mwezeshaji tena, na shirika halinuni, linachukua familia nyingine. Ndo maana naendelea kuchangia wakati mwanangu karibu atavuka umri wao.

Kama huna hela usijione huna la kutoa. Mabuti yaliyowabana wanao wanayapokea kwa mikono miwili, mtu anayejua mahesabu wanamhitaji, mwenye kiwanja chenye miti anayeweza kuwaruhusu asubuhi moja kwa wiki huyo ndo wanamtafuta kwa tochi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeishikilia mpaka watakapojifunza kutuma ujumbe kabla sijatoka nyumbani.