Pawabenki ya Safari: Igeuze Usome Mgongo Kabla ya Kutoa Hela

Agosti 2025 nilikuwa Guangzhou. Nimemaliza kununua mabegi, nataka kupanda ndege ya ndani kwenda Yiwu. Kwenye ukaguzi binti mmoja mwenye glavu akatoa pawabenki yangu kwenye mkoba, akaigeuza, akaisogeza kwenye taa, akaigeuza tena. Alikuwa anatafuta maandishi. Siku naitoa dukani Kariakoo yalikuwepo, tena ya rangi ya fedha, yanang'aa. Miezi mitatu ya kusuguana na funguo ndani ya mkoba ikayafuta kama wanja wa jana. Hakunigombeza. Aliitupa kwenye ndoo iliyokuwa imeshajaa wenzake, akanipungia mkono nipite.

Simu ilikuwa na asilimia 14. Na China bila simu wewe si mtu: hela iko Alipay, wenye viwanda wako WeChat, anwani ya hoteli kwa Kichina ni picha iliyomo kwenye simu hiyohiyo. Nilishuka Yiwu saa nne usiku simu imezima. Nikampa dereva wa teksi kadi ya biashara ya mtu niliyekuwa nakutana naye kesho yake. Akanipeleka kiwandani.

Tangu siku hiyo mtu akiniandikia "dada, nichukue pawabenki gani ya safari", simjibu habari za rangi, tochi wala kioo cha kuonyesha asilimia. Hayo utayaona mwenyewe. Swali langu ni moja: mgongoni imeandikwa nini, na maandishi yenyewe yatadumu?

Ndege haziangalii mAh, kile kipimo cha ukubwa wa betri tunachobishania dukani. Zinaangalia Wh, yaani wati-saa. Hesabu ni nyepesi: chukua mAh, gawa kwa 1,000, zidisha kwa 3.7. Ya 10,000 inakuwa 37Wh, ya 20,000 ni 74Wh, ya 27,000 inagusa 100Wh. Hadi 100Wh kwa kawaida unapita bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza. Ikizidi 160 haipandi na abiria. Na ni ya mkoba wa mkononi tu, kamwe si ya sanduku linalopelekwa chini; msomaji wangu mmoja aliitwa kwa kipaza sauti akafungulie sanduku mbele ya watu, na juu kabisa kulikuwa na nguo za ndani.

Juu ya hapo kila mahali pana lake. Emirates, ambayo wengi wetu tunaipanda kupitia Dubai, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu moja tu kwa abiria, isiyozidi 100Wh, iliyoandikwa uwezo wake, na ukiwa angani huruhusiwi kuitumia wala kuichaji. China nayo, tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani hazipokei isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China, au yenye alama isiyosomeka, au ya toleo ambalo kiwanda kimeliita lirudishwe. Ukali huu haukutoka hewani. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado ardhini uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na wachunguzi wakaishuku pawabenki.

Kwa hiyo mgongo uliofutika ni sawa na pasipoti iliyofutika picha. Unaweza kuwa msafi kiasi gani, hupiti.

Namna ya kupima dukani: tia sanitaiza kidogo kwenye tishu, sugua maandishi mara kumi. Rangi iliyopakwa juujuu itaanza kutoka. Yaliyochongwa au kubonyezwa ndani ya plastiki hayatoki. Muuzaji atanuna, mwache anune, hela bado iko mfukoni mwako. Ukifika nyumbani bandika selotepu angavu juu ya maandishi hayo, hata kama ni ya kuchongwa.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni Anker ya 20,000. Naipenda, nasema wazi, na hakuna aliyenilipa. Yangu nimeisugua, nimeiangusha, imekaa na hizohizo funguo, na Wh inasomeka bila miwani. Tena ukisoma kwa makini utakuta imeandikwa na uwezo unaotoka kweli, ambao ni mdogo kuliko 20,000. Usidhani umeibiwa. Betri za ndani zina volti 3.7, waya unatoa 5 au zaidi, na katika kupandisha huko unapotea umeme kama joto. Simu yenye betri ya 5,000 itajaa mara mbili na nusu hivi. Mara nne ni maneno ya dukani.

Najua mtaniambia habari za Juni 2025, Anker ilipoziita zirudishwe PowerCore 10000 za namba A1263, zaidi ya milioni moja Marekani pekee, kwa hatari ya kushika moto. Ni kweli, na kama unayo ya namba hiyo acha kuitumia leo. Ila mimi naona kampuni inayojua mzigo wake kwa namba, na ikatangaza. Hiyo yako isiyo na jina, ikianza kuvimba, nani atakutangazia? Na namba yenyewe inasomwa wapi? Mgongoni.

Ina kasoro moja kwa wenzangu wa China: Anker zilizotengenezwa kwa soko la nje huwa mara nyingi hazina 3C. Utafika nayo Guangzhou vizuri, lakini ndege ya kwenda Yiwu utaiacha kwenye ndoo.

Ndiyo maana namba mbili ni Xiaomi ya 10,000, kwa sharti kwamba unainunulia hukohuko China, kwenye duka lao. Tafuta herufi tatu za C ndani ya duara lililolala. Ni nyepesi, 37Wh, haimsumbui mkaguzi yeyote. Mimi sasa nasafiri na Anker hadi Guangzhou, naiacha kwa wakala wa mizigo, naendelea na Xiaomi. Narudi nayo moja, nyingine inakuja na kontena la... hapana, natania, usipakie betri kwenye mzigo bila kumwambia wakala.

Namba tatu ni Oraimo, kwa sababu moja: inapatikana. Chukua ya 10,000 au 20,000, isugue kama nilivyosema, na ujihadhari na feki maana ni nyingi.

Zenye sola mgongoni: sola imekaa mahali pa maandishi. Nimemaliza.

Za bei chee zisizo na jina, zile za "50,000mAh", nina hesabu moja tu. Betri moja ya 18650, zile za kwenye tochi, ina uzito wa gramu 45 hivi, na ikiwa nzuri hasa inabeba 3,500. Kufikisha 50,000 unahitaji zisizopungua 15, yaani zaidi ya gramu 600 kabla ya boksi lake. Pacha wa ile yangu iliyotupwa Guangzhou niliipeleka kwenye mizani ya duka la Mangi: gramu 260. Na hata ingekuwa kweli, ingekuwa 185Wh, haipandi ndege. Ikisema kweli ni haramu, ikidanganya ni hasara, na yote mawili unalipia.

Niliporudi nilikwenda kwa aliyeniuzia. Akanitazama akasema, "Dada, mimi nauza chaji, siuzi maandishi." Kisha akanionyesha kwenye risiti pameandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti hiyohiyo aliyotaka nisiichukue, maana ukiiomba bei inapanda.

Na wale wa Instagram nao wameniudhi. Picha nzuri, maelezo marefu, ukiuliza bei: "njoo inbox". Ukienda inbox unaulizwa upo wapi, kisha bei inapangwa kulingana na mtaa wako. Rafiki yangu wa Mbagala na mimi tuliuliza pawabenki moja siku moja, tukatofautiana elfu ishirini na tano. Tukiwaomba picha ya mgongo wanatuma picha ya boksi. Boksi haliendi kwenye ukaguzi, jamani.

Anker yangu nililipa shilingi 130,000 baada ya kuvutana kutoka 165,000. Nimeiandika hapa wazi ili ukitajiwa mia mbili ujue pa kuanzia.