UnifrakturCook: fonti nene ya Kigothi, inafaa wapi na inaharibu wapi

Kwa kichwa cha maneno mawili matatu, sijaona fonti ya bure ya Kigothi (mtindo wa kale wa Ulaya wa herufi nene zenye pembe) inayoipita UnifrakturCook. Kwa aya nzima, usijisumbue.

Maumbo yake yanatokana na herufi za msanifu Mjerumani Rudolf Koch za mwaka 1910, zilizotolewa na kiwanda cha herufi cha Klingspor huko Offenbach, Ujerumani. Mistari ni mizito, ncha zimekatwa kama kwa kalamu bapa. Ina uzito (kiwango cha unene) mmoja tu, 700, kwa hiyo kwenye tovuti taja 700 katika kiungo cha Google Fonts. Usibonyeze kitufe cha B cha kukoza maandishi: programu nyingine huongeza unene wa bandia, na matundu ya a na e yanazibika. Italiki haina, na kuilaza kwa nguvu kunaifanya ionekane imeanguka.

Kosa ninaloliona sana mitaani ni kuandika herufi kubwa tupu. “CHETI” inakuwa mafundo matano yasiyosomeka; “Cheti” inapendeza. Hata ile herufi kubwa moja ichunguze, maana A inakaribia U, na Amina ataitwa Umina kwenye cheti chake mwenyewe. Halafu kuna s ndefu ya Kijerumani (ſ), ambayo wabunifu huichomeka ili kazi ionekane ya kale. Kanuni yake ni kwamba s ya duara hukaa mwisho wa neno au silabi. Silabi zetu nyingi haziishii na s, kwa hiyo ukiifuata, karibu kila s inakuwa ndefu na “sasa” inasomeka “fafa”. Acha s ya kawaida.

Kwenye karatasi siishushi chini ya pointi 24. Kwenye fulana zinazochapwa kwa skrini naipa nafasi zaidi, kwa sababu wino hutanuka kwenye pamba na kuziba matundu madogo. Stika za plota (mashine ya kukata vinili) zina shida nyingine: herufi ikiwa chini ya sentimita 3, ncha zile kali hung'oka wakati wa kuchambua, yaani kutoa vinili isiyohitajika. Geuza maandishi kuwa kevu (michoro isiyohitaji fonti) kabla ya kupeleka faili, la sivyo kompyuta ya mchapaji isiyo na fonti hii itaweka nyingine bila kuuliza.

Leseni ni Open Font License (OFL) ya shirika la SIL: bidhaa zilizochapwa nayo unauza, fonti yenyewe peke yake huuzi.

Ukiwa na wateja Ulaya, jua kwamba wapo wanaoihusisha Fraktura, yaani herufi za Kigothi za Kijerumani kama hizi, na Wanazi, ingawa chama hichohicho ndicho kilichoipiga marufuku Januari 1941. Kwa bango la muziki, lebo ya bia au kichwa cha gazeti haina neno. Mstari ukizidi maneno matano, hamia Pirata One: ni nyembamba zaidi, na k yake mtu anaitambua bila kukodoa macho.