Kigoma hadi Dar "saa moja na nusu", wanasema

Kabla ya kukata tiketi niliingia mtandaoni kuangalia Kigoma hadi Dar ni mbali kiasi gani kwa ndege. Nikaona kilomita 1,080 hivi, saa moja na nusu. Nikampigia binti yangu: mchana nakula kwako. Jamani.

Kumbe saa moja na nusu ni ya jeti inayokwenda moja kwa moja. Sisi tulipewa ndege ya panga boi, tena inapitia Tabora. Tuseme haki, Tabora haituzungushi. Ukipiga mstari kutoka Kigoma hadi Dar, Tabora iko karibu juu ya mstari wenyewe, kuipitia hakuongezi hata kilomita kumi. Kinachokula muda ni kutua, hawa washuke, wale wapande, mizigo ipangwe, ndipo mruke upya.

Hilo ningelimeza. Kilichonichoma ni kaunta.

Tuliambiwa saa nne asubuhi. Saa nne ikapita, saa sita ikapita, tangazo hakuna. Boksi langu la dagaa lilishapimwa, kwa hiyo hata pa kwenda sina. Nikamfuata kijana wa kaunta, kwa upole kabisa: "Mwanangu, ndege yetu imefika wapi?" Shikamoo sikupata, macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, hii ni ndege, siyo bodaboda. Kama una haraka kapande treni."

Treni! Mimi mtu wa Mwanga ya Kigoma naambiwa nikapande treni. Hiyo reli ya zaidi ya kilomita 1,200 nimeimaliza tangu huyu hajazaliwa: nimesinzia Uvinza, nimeamka Kaliua, nimenunua asali Tabora. Na treni ikikwama, mtu wa tiketi alikuwa anapita behewa kwa behewa: "Mama, injini imeharibika mbele huko, poleni." Poleni tu. Ni neno moja, halilipiwi.

Tuliruka saa nane na nusu. Hapo ndani sina neno. Binti aliyetuhudumia ana adabu zake, aliniletea maji mara mbili sijaomba, na ndege ilipogeuka juu ya ziwa nikaiona Ujiji yote imelala chini, nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Nikasema basi, nitawapa nyota nne. Tukatua Tabora, tukakaa tunajipepea, ile "siyo bodaboda" ikanirudia. Tatu. Dar nimeingia magharibi, chakula cha mchana nimekila usiku, kimepashwa. Mbili, tena ya pili ni ya yule binti.

Ingawa treni nayo, siku mbili kasoro na mgongo huu wangu... Sijui. Tiketi ya kurudi nimeshakata, kwa hao hao. Ila binti yangu nimemwambia anifungie chapati.