Walinirudishia mechi, wakatupa kanda za Baba

Nilisubiri hasira zipoe kabla ya kuandika. Hazikupoa, basi naandika hivyo hivyo.

Miezi kadhaa iliyopita nilipeleka kanda tatu za video kwenye duka moja hapa Toronto, wale wanaochukua kanda za zamani na kukutilia kwenye flashi. Ni kanda za marehemu Baba. Zote ni za hoki ya barafuni, mechi za Maple Leafs, timu yetu ya hapa Toronto, za mwaka 1993, alizozirekodi mwenyewe kwa deki yetu ya sebuleni.

Mwaka ule mji mzima ulipagawa. Leafs hawajashika Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, tangu 1967, na safari ile walibakiza ushindi mmoja tu waingie fainali. Mechi ya sita dhidi ya Kings, timu ya Los Angeles, ilichezwa kule kule kwao, kwa hiyo kwetu ilikuwa usiku mwingi. Mama alishalala. Mimi nilikaa kwenye zulia, miguuni pa Baba, naye rimoti mkononi, maana alikuwa na kawaida yake: tangazo likiingia tu anasimamisha kurekodi, ili kanda isije ikaisha kabla ya mechi. Mtu wa Mombasa, hajapata kuona ziwa likiganda mpaka alipofika huku, lakini Doug Gilmour, nyota wa Leafs, alimpenda kama mtoto wa dada yake. Wendel Clark, nahodha wetu, alipopiga bao lake la tatu na kusawazisha mwishoni kabisa, Baba alirukaruka, akamwamsha Mama, akatoka hadi kwa jirani. Rimoti akaisahau. Ndiyo maana mapumziko ya kabla ya muda wa nyongeza yamo yote kwenye kanda, matangazo na kila kitu. Katika mechi nzima ni hapo tu. Furaha yake imerekodiwa hapo.

Yaliyofuata kila mtu wa Toronto anayajua. Gongo la Gretzky, nyota wa Kings, likampata Gilmour kidevuni, damu ikatoka, refa hakutoa adhabu, na muda si muda Gretzky huyo huyo akafunga, mchezo ukaishia hapo. Tano kwa nne. Mechi ya saba ikaja kwetu, uwanja wa Maple Leaf Gardens, Gretzky akafunga matatu, tano kwa nne tena, tukaaga. Baba mpaka anaingia kaburini hakumsamehe refa yule.

Sasa duka. Kazi yenyewe, haki ya Mungu, ni safi. Picha imetulia, na sauti ya mtangazaji Bob Cole inapanda vile vile ilivyokuwa ikipanda usiku ule. Pale kaunta nilipoonyeshwa dakika mbili tatu nilikuwa tayari kuwapa nyota zote tano. Nikaomba kanda zangu.

Yule kijana hakuinua hata macho kwenye simu yake. Zimetupwa, akasema. Eti fomu niliyosaini inasema hivyo. Kweli imo, chini kabisa, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, na hakuna aliyenitamkia nilipokuwa nazikabidhi. Nikamwambia zilikuwa na mwandiko wa baba yangu ubavuni, wino wa buluu: "LEAFS NA LOS ANGELES. MTU ASIFUTE." Akanijibu kwamba mechi hizo zote zipo kwenye intaneti.

Zipo kwenye intaneti! Mwandiko wa Baba upo kwenye intaneti? Nikamwita meneja. Alichoniletea ni punguzo kwa kazi nitakayowapa mara nyingine.

Pale Gardens penyewe leo chini ni supamaketi, na sakafuni wameweka doa jekundu kuonyesha katikati ya uwanja ilikuwa wapi. Wauza mboga wamejua kuweka alama. Hawa, ambao kazi yao ni kumbukumbu za watu, wakashindwa kuniuliza swali moja kabla ya kufungua pipa la taka.

Usiku wa siku ile ya dukani nilitazama mechi yote. Yalipofika mapumziko yale, tangazo la kwanza likaingia, la pili, la tatu, na hakuna wa kulisimamisha, nililia. Bila duka hili nisingekiona kipande kile tena, deki yetu ilikufa zamani. Nikasema basi, nyota tatu, ni haki yao. Asubuhi nikafungua kabati, nikaona pengo pale zilipokuwa zikikaa zile kanda. Nyota moja. Na hiyo ni ya Bob Cole, si yao.

Kanda ya nne, ile ya Leafs na Detroit mwaka ule ule, Borschevsky wetu anapowamaliza kwenye muda wa nyongeza wa mechi ya saba, sikuwa nimeipeleka. Ipo hapa mezani, karatasi yake imebandikwa, wino bado ni buluu. Hiyo hawaigusi.