Kifurushi cha seli shina kwa saratani ya utumbo, Kisumu: mikono safi, ripoti inapwaya

Maabara moja ya binafsi mjini Kisumu hupokea sampuli za saratani ya utumbo mpana kutoka Siaya, Busia, Kakamega hadi Homa Bay. Juu ya ripoti ya kawaida ya patholojia, inauza kifurushi cha alama za seli shina, yaani protini zinazotumika kutambua seli zinazodhaniwa kuotesha na kurudisha uvimbe: CD133, CD44, CD166 na LGR5, kwa maelezo kwamba zinaonyesha mgonjwa atapona au saratani itarudi. Kwa macho ya sisi tunaosoma slaidi kila siku, maabara hii inajua kazi yake. Kifurushi chenyewe ndicho kisichostahili kulipiwa kwanza.

Mapokezi yao ni ya kupigiwa mfano. Mikebe ina mdomo mpana na fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili) ya asilimia 10 yenye bafa, na mhudumu hukataa utumbo ulioshindiliwa kwenye mkebe ambao fomalini yake haifiki mara kumi ya ujazo wa nyama. Fomu inauliza saa mbili: nyama ilitoka mwilini lini, na ilitumbukizwa lini. Maswali hayo yana maana. Fomalini hupenya kama milimita moja tu kwa saa, na kwa joto la Kisumu uvimbe mnene uliofungiwa ndani ya utumbo mzima huanza kuoza katikati huku nje ukionekana umekaza vizuri. Utumbo upasuliwe kwa urefu, usafishwe kinyesi, na uingie kwenye fomalini ndani ya saa moja. Kama uvimbe uko kwenye puru, usipasue palipo na uvimbe, maana mpaka wa nje wa upasuaji utavurugika na hautapimika tena. Muda wa kukaa ni saa 6 hadi 72. Ukipunguza, protini hazishiki. Ukizidisha, kingamwili (protini za maabara zinazonasa alama na kuipa rangi) hazizitambui na DNA hukatikakatika.

Kasoro iko kwenye karatasi ya majibu. "CD133: chanya." Basi. Chanya kwa asilimia ngapi ya seli? Rangi nzito au hafifu? Iko wapi? Kwenye slaidi nzuri ya CD133, rangi ya kahawia hukaa kama uzi mwembamba kwenye ukingo wa tezi unaoelekea uwazi wa ndani. Rangi iliyotapakaa ndani ya seli ni jambo jingine, na haifai kuhesabiwa kapu moja na ile ya ukingoni. Ripoti haitaji hata aina ya kingamwili iliyotumika, ilhali AC133, mojawapo ya kingamwili za CD133, hutambua sehemu ambayo hubadilika kulingana na sukari zilizoshikamana na protini: seli inaweza kuwa na CD133 na bado ikasomeka hasi. Kwa LGR5 hali ni mbaya zaidi. Kingamwili zake nyingi haziaminiki kwenye nyama iliyohifadhiwa kwa nta. Wanaoipima kwa uhakika hutafuta RNA yake (nakala ya jeni inayotengeneza protini hiyo) moja kwa moja kwenye slaidi. Maabara hii inatumia kingamwili. Hatungeitegemea.

Sayansi yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2007 vikundi viwili, kimoja Toronto na kingine Roma, vilionyesha kwamba seli zenye CD133 kutoka saratani ya utumbo ya binadamu ziliotesha uvimbe kwa panya. Tangu hapo tafiti nyingi zimehusisha CD133 nyingi na maisha mafupi zaidi, lakini kila utafiti huweka kiwango chake cha kuita sampuli chanya, na hakuna dawa anayobadilishiwa mgonjwa kwa sababu ya jibu hilo. Kumwambia mama wa watu kwamba siku zake zinahesabika kwa neno "chanya" ni kumwonea.

Pesa iende kwanza kwenye MMR, yaani protini zinazorekebisha makosa ya DNA: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Hapa maabara inafanya vizuri sana: kabla ya kuandika kwamba protini imepotea, wanahakikisha viini vya limfosaiti (seli za kinga) vilivyo kando ya uvimbe vimeshika rangi. Jibu hilo lina uzito. Mgonjwa wa hatua ya pili aliyepoteza MMR kwa kawaida hanufaiki na dawa ya saratani ya 5-FU peke yake, na familia yake inafaa kuchunguzwa kama ina ugonjwa wa Lynch, unaorithiwa na kuongeza hatari ya saratani. Ripoti pia ihesabu tezi za limfu zisizopungua 12, na yao huhesabu. Kama saratani imesambaa, jeni za RAS na BRAF zipimwe kabla ya dawa ya cetuximab.

Mgonjwa akihamia Eldoret au Nairobi kwa matibabu, maabara hutoa kibonge cha nta chenye nyama ya uvimbe ukiomba kwa maandishi. Chukua kibonge chenyewe, kisha kiweke mbali na jua na joto la gari. Slaidi ambazo hazijapakwa rangi hupoteza uwezo wa kushika kingamwili kadiri zinavyokaa. Kibonge kitakatwa upya siku ya kipimo.