Kikaushio cha jua: kwa mchaichai nakipa alama zote, kwa rehani hapana

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayotafuta: Sh 160,000 kwa seremala wa hapa Lushoto, usafiri juu yako. Ni kabati la mbao lenye miguu minne na trei tatu za wavu. Mbele yake kuna sanduku bapa lililolala mshazari, ndani bati limepakwa rangi nyeusi, juu kioo. Hewa inaingia kwa chini, inapata moto kwenye lile bati, inapanda kupita kwenye trei na kutokea kwenye dohani mgongoni. Majani yenyewe hayapigwi na jua, kwa hiyo hayapauki. Hapo ndipo hela yako inapokwenda, kwani kuanika juani kwenye mkeka ni bure.

Huku milimani mchaichai na nanaa hunawiri masika mpaka zinaziba njia. Mvua zikianza kukatika mwishoni mwa Mei, unabaki na muda mfupi wa kuvuna kabla baridi ya Juni haijakaa sawasawa. Ukichelewa, nanaa inatoa maua na majani yanakuwa madogo, hayana ladha. Rehani ndiyo usiseme, baridi za usiku zikiipiga inaota madoa meusi. Na majira hayohayo ndiyo ya ukungu! Kuna asubuhi huoni hata banda la jirani, jua linachomoza saa nne, saa kumi limeshajificha nyuma ya mlima. Majani ya kwenye ungo yanakauka kidogo mchana, usiku yananyonya unyevu upya, mwisho yanavunda. Ukiyaning'iniza jikoni juu ya kuni, chai inanuka moshi. (Mama mkwe anaipenda hivyohivyo, lakini wateja wangu wa Tanga hawaitaki.)

Kwa mchaichai kikaushio hiki hakina mpinzani. Navuna umande ukishakauka, naondoa majani ya nje yaliyokauka ncha, nayakatakata yaliyobaki vipande vya urefu wa kidole gumba na kuyatandaza, yasilaliane. Hata kwa jua la kusuasua yanakauka yakiwa ya kijani. Kipande kikiwa tayari ukikikunja kinakatika kwa mlio. Kikipinda tu, kirudishe. Rozimari nayo haina makuu. Inachukua muda kwa sababu jani lake ni gumu, ila harufu yake haitoki kirahisi.

Nanaa inataka uangalizi. Siku ambayo jua limeamua kuwaka, kipimajoto nilichokiweka trei ya chini kilipanda hadi nyuzi 58, wakati nanaa inataka 35 hadi 40, isivuke 45. Moto ukizidi, mafuta yanayobeba harufu yanaondoka pamoja na mvuke, unabaki na majani ya rangi nzuri yanayonuka kama nyasi za ng'ombe. Kwa hiyo nanaa naiweka trei ya juu, ambako moto ni mdogo, na adhuhuri nafunika nusu ya kioo kwa khanga kuukuu. Tena usishtuke ukiona mavuno yamenywea. Nanaa ni maji matupu, kilo nzima mbichi inakuachia gramu 150 hadi 200 kavu. Wanaolalamika kwamba kifurushi cha chai ya nanaa ni ghali hawajawahi kupima.

Rehani msiiweke humo, angalau si msimu huu. Jani lake ni laini, likichubuka kidogo linageuka kahawia, na mawingu yakitanda kabla halijakauka linakuwa jeusi. Yangu naitwanga na chumvi na mafuta, naigandisha kwenye friza, basi.

Sasa kazi ya fundi. Mbao ni nzuri, zimekauka, hazijapinda. Lakini trei ametumia wavu wa chuma, na kwenye pembe umeshaanza kushika kutu. Kitu cha kugusana na chakula, jamani! Nimeung'oa na kupigilia neti ya plastiki, ambayo pia inazuia chenga za mchaichai zisidondoke. Tundu la kuingizia hewa halikuwa na wavu wowote, nyigu wakaliona kama nyumba ya kupanga. Na hakuna kifuniko cha kuziba matundu usiku, nami nakwambia Lushoto ukiyaacha wazi ukungu unaingia wote na kazi ya mchana inapotea. Mimi naziba kwa matambara ikifika saa kumi na moja.

Likishakauka, jani lisikae nje. Nafunga kwenye chupa ya kioo, kesho yake naangalia kwa ndani: nikiona mvuke umeshika ukutani, yote yanarudi kwenye trei kabla kuvu nyeupe haijaanza. Chupa zenyewe ziwe kabatini, mbali na mwanga.

Mwenye vichaka viwili vya nanaa kwa ajili ya chai ya nyumbani asihangaike nacho, ungo ndani ya chumba chenye hewa unamtosha. Anayeuza, akichukue. Ila uagize neti ya plastiki toka mwanzo na vifuniko vya matundu, na mlango ufungukie mgongoni, usikae ubavuni kama wangu ambao trei ya chini haitoki bila kuinamisha kichwa. Nimemuuliza fundi, mlango wa nyuma anaongeza Sh 10,000. Mpe.