Vipimo vya Maji ya Tumboni: Tathmini ya Maabara Mbili za Mwanza

Mjomba wangu alipofikishwa kwetu Mwanza kutoka Ukerewe, tumbo lilikuwa limemjaa hadi kitovu kimechomoza nje na vifungo vitatu vya chini vya shati havifungiki. Ukoo ulikuwa umekwisha kutoa majibu kabla ya maabara yoyote: wengine walisema ni ini lililoharibiwa na pombe aliyoinywa ujanani, wengine walisema ni kichocho cha ziwani, na hawakukosekana waliotaja jirani wa kumshuku kwa uchawi. Maji yaliyomjaa tumboni yalipimwa katika maabara mbili za binafsi, ya kwanza ikatupotezea siku tisa na ya pili ikatupatia jibu. Majina yao siyataji, kwa kuwa ninachotathmini hapa ni kazi yenyewe, yaani kile ambacho mgonjwa anastahili kupata anapolipia kipimo cha maji ya tumboni.

Kwa maabara ya kwanza maelezo ni mafupi. Daktari wa zahanati alivuta maji kwa sindano, akayatia katika chupa moja, akatuandikia karatasi yenye maneno mawili tu, nasi tukaipeleka. Mapokezi hawakuuliza chochote zaidi ya jina, umri na pesa. Kesho yake tulipewa ukurasa mmoja uliosomeka hivi: rangi njano, protini ++, seli zipo, vimelea vya kifua kikuu kwa darubini havikuonekana. Baadaye nilikuja kujua kwamba chupa yetu ililala mezani usiku kucha, ilhali seli za maji hayo huanza kuharibika baada ya saa chache na zinapaswa kuhesabiwa mapema. Tena kusema kwamba seli zipo bila kutaja idadi wala aina yake ni sawa na kumwambia mtu kwamba sokoni kuna watu. Neutrofili, yaani seli nyeupe zinazopambana na bakteria, zikifika 250 katika milimita moja ya ujazo, mgonjwa huhesabiwa kuwa na maambukizi ya bakteria ndani ya maji hayo, na hupewa antibiotiki siku hiyohiyo bila kungoja majibu mengine, kwa sababu kuchelewa huweza kumuua.

Mstari uliotuponza zaidi, hata hivyo, ulikuwa ule wa darubini. Zahanati iliusoma, ikaifuta TB kabisa katika orodha ya mambo ya kufikiria, kumbe darubini ni kipimo dhaifu mno kwa maji ya tumboni: vimelea humo huwa wachache kiasi kwamba wagonjwa wengi mno wa TB ya tumbo hutoka na jibu la kutoonekana kitu. Maabara makini ingeliandika hilo chini ya jibu, hata kwa sentensi moja.

Katika maabara ya pili, dada wa mapokezi aliisoma fomu ya daktari mpya tuliyempata, akanyanyua macho na kuuliza, “Damu ya mzee mmetoa leo?” Tulipojibu kwamba tumeleta kwa ajili ya maji tu, alitueleza bila kutudharau kwamba pasipo damu ya siku hiyohiyo, kipimo kikuu hakiwezi kufanyika. Kipimo hicho ni tofauti ya albumini, protini kuu ya damu, na madaktari huiita tofauti hiyo kwa kifupi SAAG: unachukua albumini ya damu, unatoa albumini ya maji, na kilichobaki kinakuambia kama maji yamesukumwa na shinikizo katika mishipa inayoingia kwenye ini au yametokana na jambo jingine. Tofauti ikiwa gramu 11 kwa lita au zaidi, shinikizo lipo, na mtu hutazama sirosisi (ini lililojaa makovu), kichocho cha ini au moyo ulioshindwa kazi. Ikiwa chini ya hapo, hutazama TB, saratani iliyosambaa kwenye utando wa tumbo, ugonjwa wa kongosho, au figo zinazovujisha protini. Bruce Runyon na wenzake walichapisha mwaka 1992 uchunguzi wa sampuli 901, ambamo hesabu hii ilibainisha chanzo kwa usahihi wa karibu asilimia 97, wakati mtindo wa zamani wa kuangalia protini ya maji peke yake uliishia karibu asilimia 56. Ni hesabu ya kutoa tu, ya darasa la pili, na bado maabara ya kwanza haikuwa na hata namba moja ya kuifanyia.

Mtaalamu wao wa maabara alifuatana nasi hadi kitandani akiwa na kisanduku. Alisema, “Shikamoo mzee, leo tunakusumbua mara moja tu,” kisha akapanga chupa zake juu ya shuka: ya kifuniko cha zambarau kwa kuhesabu seli, ya kawaida kwa albumini na protini, kubwa yenye nafasi ya mililita 50 na zaidi kwa kutafuta seli za saratani, na mbili za kuoteshea bakteria, ambazo daktari alizijaza mililita kumi kila moja palepale kabla sindano haijawekwa chini. Hilo la kujaza palepale si madoido; bakteria huota kwa wagonjwa wengi zaidi hivyo kuliko maji yakisafirishwa kwanza katika chupa tupu.

Majibu yalikuja kwa mafungu. Albumini ya damu ilikuwa gramu 29 kwa lita na ya maji 22, tofauti ikawa saba. Seli nyeupe zilikuwa 1,350, nyingi zake limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, si neutrofili. Bakteria hawakuota, seli za saratani hazikuonekana, homa ya ini aina ya B hakuwa nayo, na mkojo haukuwa na protini. Choo chake kilikutwa na mayai ya kichocho, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote aliyekulia ufukweni mwa Ziwa Victoria, na nakiri kwamba kama tusingekuwa na ile namba saba tungelifunga shauri hapo na kurudi Ukerewe na dawa za kichocho peke yake. GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya TB, ilisema hakuna TB katika maji, lakini nayo hukosa wagonjwa wengi katika maji ya tumbo. Kilichotupa mwelekeo ni ADA, kimeng’enya kinachopanda sana kwenye TB ya tumbo. Mpaka unaotumika ni karibu yuniti 39 kwa lita, naye alikuwa na 64. Daktari aliyajumlisha yote, akamwanzishia dawa za TB za miezi sita.

Sasa malalamiko, maana hata hawa wanayo. ADA haikupimwa Mwanza. Sampuli ilisafirishwa Dar es Salaam, tukangoja siku tano, na habari hiyo tuliipata baada ya kulipa. Hawakutuambia kwamba vipimo vya TB katika hospitali za serikali ni bure, hivyo GeneXpert tuliilipia bila sababu. Kubwa kuliko yote, karatasi ya majibu iliandika albumini ya damu kwa gramu kwa lita na ya maji kwa gramu kwa desilita, yaani 29 na 2.2 (ambayo ni ileile 22 kwa lita), huku mstari wa tofauti ukiachwa wazi. Mtu mwenye haraka angetoa 2.2 katika 29, akapata 26.8, akamtibu mjomba ini. Daktari wetu aliligundua kwa kalamu mkononi. Nilimwona akirudia hesabu mara mbili. Maabara inayosisitiza damu na maji vitoke siku moja inashindwaje kuviandika kwa kipimo kimoja?

Ya kwanza naipa nyota moja, kwa kuwa risiti yao ilikuwa sahihi. Ya pili naipa nne, na ya tano nitawaongezea siku watakayoujaza ule mstari. Wiki ya sita walinipigia simu kwamba TB imeota katika sampuli waliyoiacha kwenye kioteshi. Nilipompa mjomba habari hiyo alikuwa uani, anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari, na alinijibu bila kuinua kichwa, “Waambie wamechelewa, mjomba.”